Kutoka Darasani Hadi Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vijana Wenye Ulemavu Mkoani Tabora

Ninafundisha elimu maalumu hapa Tabora. Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye simu za usiku, na kwenye benchi la nje ya ofisi ya ustawi wa jamii. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayowahusu wachache. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali lake. Pale jibu linapotegemea jingine, nimeelekeza.

## Mambo ya msingi

Kwani hapa Tabora kuna kazi gani za mtu mwenye ulemavu?

Hili huwa la kwanza kila mwaka, na kila mwaka naomba tuligeuze. Hakuna orodha ya kazi za watu wenye ulemavu. Kuna kijana fulani, na kuna kazi fulani. Tuulize kazi hiyo inataka nini hasa, kisha tuulize kijana huyu anaweza nini na anakwama wapi.

Chukua fundi simu. Kazi yake inataka macho makali, vidole vitulivu na subira. Masikio hayamo. Namfahamu kijana kiziwi anayetengeneza simu karibu na stendi. Mezani kwake kuna daftari lililofungwa kwa uzi na penseli yake. Mteja anaandika "haichaji", yeye anafungua, anaangalia, anaandika bei, wanakubaliana. Wateja wapya hushangaa kwa dakika moja tu, kisha wanazoea.

Mkoa wetu una ofisi za serikali, shule, hospitali, reli, maduka ya jumla, viwanda vidogo vya kukoboa na kukamua alizeti. Una asali na tumbaku, na mpunga upande wa Igunga na Nzega. Humo mote mna kazi za mezani, za mikono, za kuhesabu, za kupokea wageni, za kufungasha. Ukianza na ulemavu, utaona milango michache. Ukianza na kazi yenyewe, utashangaa.

Mwanangu haoni vizuri lakini hatembei na fimbo. Naye anahesabika?

Ndiyo. Uoni hafifu ni ulemavu, kama ilivyo kwa usikivu hafifu, ualbino, ulemavu wa akili na usonji. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Wengi wao hawajitaji hivyo, na kwa sababu hiyo hawadai wanachostahili.

Sheria inasema nini kuhusu ajira?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa mwenye wafanyakazi 100, hao ni watu watatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Zaidi ya hayo, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu.

Niseme kweli: waajiri wengi niliokaa nao hawakuwahi kuisikia hiyo asilimia 3. Hawakuwa wabaya, hawakuambiwa. Kwa hiyo barua ya maombi ya kijana wako inaweza kuitaja kwa heshima, mstari mmoja tu, baada ya kueleza anachokiweza. Ikitangulia sheria, mwajiri husikia tishio. Ukitangulia ujuzi, sheria inakuja kama msaada kwake pia.

## Akiwa bado shuleni

Tuanze kupanga lini?

Kidato cha pili. Kwa mtoto asiyeelekea sekondari, tuanze darasa la sita.

Sababu ni ile miezi ya kungoja matokeo. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Katikati hapo mtoto anarudi kijijini, bweni limefungwa, mwalimu yuko likizo, na hakuna mtu mwenye jukumu la kuuliza yuko wapi. Kijana asiye na ulemavu atazurura, atapata kibarua, atamfuata binamu mjini. Kijana mwenye ulemavu anakaa uani.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja asiyeona, msomaji hodari wa nukta nundu, niliyemkuta nyumbani kwao mwezi Aprili. Alikuwa amekaa miezi mitano bila ukurasa hata mmoja wa kusoma. Nikampa karatasi, akapitisha kidole, akasimama katikati ya mstari, akarudia. Alikuwa anatafuta herufi ambazo Novemba alizipita bila kufikiri. Nilikuwa na namba ya simu ya baba yake muda wote huo na sikupiga. Tangu hapo sikubali mwanafunzi aondoke bila mpango ulioandikwa.

Mpango wenyewe unaandikwaje?

Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe kijana akiwepo, naye ndiye aanze kusema. Uwe na mambo manne: anachokiweza kwa sasa, kinachomsaidia akifanye, hatua inayofuata na tarehe yake, na jina la mtu mmoja atakayefuatilia.

Mfano: "Anashona kwa mkono na kupiga pasi. Anasoma midomo ukimtazama usoni. Tarehe 10 Januari aende chuoni kuulizia nafasi. Shangazi atampeleka, mwalimu atapiga simu tarehe 12." Mpango unaosema "atasaidiwa kupata kozi" hauna mtu wala siku, basi hautatekelezwa. Nakala moja ibaki shuleni, moja iende nyumbani, na kijana awe na yake.

Karatasi gani ziandaliwe mapema?

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kitambulisho cha taifa cha NIDA akifikisha miaka 18, vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani), na uthibitisho wa ulemavu wenye saini ya mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Huo wa mwisho utahitajika hata kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Balaa kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Shabani, cha shule Shaban, NIDA imeandika jina la babu badala ya la baba. Kompyuta haina huruma, na maombi ya kazi hukwama hapo. Linganisheni majina kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa baada ya hapo mtaanza safari za hati za kiapo na foleni.

Je, mtihani wa taifa una nafuu yoyote?

Upo utaratibu wa NECTA: mitihani ya nukta nundu kwa wasioona, maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Shule ndiyo inayotoa taarifa wakati wa usajili. Mzazi amuulize mkuu wa shule waziwazi: "Mwanangu mmemsajili kwa mahitaji yake?"

## Ufundi na vyuo

Kuna vyuo gani hapa mkoani?

Kipo chuo cha ufundi stadi cha watu wenye ulemavu Luanzari, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ipo VETA Tabora, chuo cha mamlaka ya ufundi stadi. Urambo kuna chuo cha maendeleo ya wananchi. Kwa waliofaulu vizuri kidogo, kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, ambalo wazee bado wanaliita Chuo cha Uhazili, na kipo Chuo cha Nyuki. Chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA kinafundisha walimu wa elimu maalumu, kwa hiyo hata ukitafuta mtu anayejua lugha ya alama, pale ni mahali pa kuulizia.

Tabora hatuanzi leo. Shule ya viziwi ya hapa ilifunguliwa mwaka 1963, nayo ndiyo ya kwanza nchini. Wapo wazee mjini waliosoma pale, wakafanya kazi, wakalea familia. Mtafute mmoja akae na mwanao jioni moja.

Fomu za VETA kwa kawaida hutoka kati ya Agosti na Oktoba kwa masomo ya Januari. Anayengoja matokeo ya kidato cha nne ndipo aombe, amechelewa.

Bora chuo cha wenye ulemavu pekee au cha kawaida?

Inategemea kinachomkwamisha. Anayehitaji kwanza kujifunza kujihudumia, kutembea na fimbo nyeupe au kujiamini mbele za watu, chuo maalumu kinampa muda huo. Aliyekwisha kujimudu apelekwe chuo cha kawaida, kwa sababu kazini atakuwa na watu wa kila namna na ni vema wazoeane mapema. Kiziwi akienda chuo cha kawaida, ulizeni kabla ya kulipa: nani atatafsiri? Wakijibu "atazoea", jueni hakuna mtu.

Amefeli kidato cha nne. Au hakusoma kabisa. Ndiyo basi?

Hapana. Kozi nyingi za ufundi stadi hazidai ufaulu wa kidato cha nne. Na aliyejifunzia gereji au kwa fundi cherehani wa mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ulizia VETA Tabora. Kijana aliyekaa miaka mitatu chini ya fundi anajua mengi kuliko anavyodhaniwa, na cheti kile kinamwezesha kudai malipo ya fundi badala ya ya saidia fundi.

Tumchagulie kozi gani?

Msimchagulie. Mpelekeni aone na ajaribu.

Niliwahi kumpeleka binti mwenye mguu mmoja uliopooza kwenye karakana ya ushonaji. Mwalimu wa pale akatazama miguu yake, akasema cherehani haitamfaa kwa kuwa ni ya kukanyaga. Binti akauliza kama anaweza kujaribu. Akavuta kiti, akakisogeza kushoto kidogo, akaweka mguu mzima katikati ya kanyagio, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia kuanzisha mwendo. Mshono wa kwanza ulipinda. Wa tatu ulinyooka. Baadaye chuo kilimtafutia mota ndogo ya umeme, lakini siku ile hakukuwa na mota, palikuwa na kiti kilichosogezwa.

Hata ufugaji nyuki, unaoonekana ni kazi ya kupanda miti ya miombo, una mizinga ya kisasa inayowekwa kwenye stendi za urefu wa kiuno.

## Kutafuta kazi

Aandike kwenye maombi kwamba ana ulemavu?

Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ndiyo, aandike. Matangazo yao huwahimiza wenye ulemavu kuomba na kuwataka waainishe ulemavu walio nao. Huko kuficha hakuna faida, na bila taarifa hiyo hatapangiwa mkalimani wala maandishi makubwa.

Kwa mwajiri binafsi ninashauri hivi: kama atahitaji chochote siku ya usaili, aseme mapema. Kama hahitaji, anaweza kungoja wamwone. Namna ya kusema ndiyo muhimu. "Mimi ni kiziwi, naomba tuwasiliane kwa kuandika au kwa mkalimani" ni sentensi inayomwambia mwajiri la kufanya. "Nina tatizo la masikio, naomba mnisaidie" inamwachia wasiwasi.

Nimsindikize kwenye usaili?

Msindikize hadi mlangoni. Ukiingia ukaanza kujibu wewe, umemwajirisha mzazi. Mwenye kuhitaji mkalimani aje na mkalimani, na mkalimani si mzazi: atafsiri kilichosemwa, asiongeze sifa. Kijana mwenye ulemavu wa akili ana utaratibu mwingine, tazama swali lake huko chini.

Asiyeona atatumiaje kompyuta ofisini?

Simu nyingi za Android tayari zina TalkBack, inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Kwenye kompyuta kuna NVDA, programu ya bure inayofanya kazi hiyo hiyo, na hata Kiswahili inakisoma, ingawa lafudhi yake inahitaji kuzoewa. Aanze kujifunza kidato cha tatu. Mwajiri akimwona anaandika barua huku kompyuta ikimsomea, maswali mengine yote hupungua.

Wamemkataa waziwazi kwa sababu ya ulemavu. Tufanye nini?

Andika siku hiyo hiyo: nani alisema nini, wapi, nani alisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda hata mwombaji wa kazi, si mfanyakazi tu. Nenda kwa afisa kazi wa mkoa, na malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Vyama kama CHAVITA (cha viziwi), TLB (cha wasioona) na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vinaweza kusimama nawe, na mtu asiyekwenda peke yake husikilizwa zaidi.

## Kujiajiri

Ile mikopo ya halmashauri tunaipataje?

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Katika baadhi ya halmashauri, kama Kigoma/Ujiji kwa majirani zetu, ilipangwa kupitia benki. Kwetu, mlango wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atakueleza idadi ya wanachama inayotakiwa, akaunti na andiko la mradi.

Ombi langu kwa wazazi: msitumie jina la kijana kuchukua mkopo wa shughuli yenu. Nimeona kijana akidaiwa kwa kuku ambao hakuwahi kuwalisha. Na kama hajawahi kufanya biashara hata ya wiki moja, aanze na mtaji wa ndoo ya maandazi kabla ya mkopo.

Tunaweza kupata zabuni za serikali?

Ndiyo. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo watu wenye ulemavu. Kikundi kinatakiwa kusajiliwa na kuingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Sare za shule na madawati ni mahali pazuri pa kuanzia.

## Akiwa kazini

Mimi ni mwajiri. Itanigharimu kiasi gani?

Mara nyingi ni kidogo kuliko unavyohofia. Ubao wa mteremko mlangoni kwa mwenye kiti mwendo. Meza iliyosogezwa dirishani kwa mwenye uoni hafifu. Maelekezo yaliyoandikwa kwa kiziwi badala ya kupigiwa kelele kutoka chumba cha pili. Muulize mwenyewe, anajua kinachomfaa kuliko mimi na wewe.

Mshahara ni wa kazi, si wa mwili. Anayelipwa nusu kwa "kusaidiwa" hajasaidiwa.

Amepata kazi lakini mwezi wa kwanza anataka kuacha.

Ni kawaida, na huo ndio mwezi wa kuwa karibu naye. Mara nyingi si kazi iliyomshinda. Ni bajaji zinazomkatalia na kiti mwendo chake, choo chenye ngazi, au wenzake kumcheka akila. Yule aliyetajwa kwenye mpango (tazama "Mpango wenyewe unaandikwaje?") aende kazini wiki ya kwanza, ya pili na ya nne, aongee na kijana kando, kisha na msimamizi. Tatizo la choo linatatuliwa kwa fundi mmoja na mfuko wa saruji, lakini lazima mtu aliseme.

## Hali za pekee

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Haya yote yanamhusu?

Yanamhusu, kwa mwendo wake. Yeye asianze na cheti, aanze na kazi moja iliyogawanywa vipande vidogo. Kufungasha asali, kwa mfano: futa chupa, jaza hadi alama, funga kifuniko, bandika lebo, weka kwenye boksi. Hatua tano, picha tano ukutani. Mtu akae pembeni yake siku za mwanzo, afanye naye, kisha asogee hatua moja nyuma kila wiki. Niliona kijana aliyehitaji wiki sita kumudu hatua hizo. Wiki ya saba alimzuia msimamizi wake aliyetaka kubandika lebo kabla ya kifuniko.

Kwenye usaili wake anaweza kuambatana na mtu, na badala ya maswali aombewe siku mbili za kufanya kazi akionekana.

Mwenye ualbino afanye kazi gani, na jua letu hili?

Adui ni jua la mchana na maandishi madogo, si kazi. Kulima tumbaku kutwa nzima ni kumtafutia saratani ya ngozi. Ofisini, dukani, karakana yenye paa, darasani, sawa kabisa. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kila siku, na kiti cha mbele penye mwanga usiomchoma macho. Usalama wa njia ya kwenda na kurudi nao upangwe, hasa zamu za usiku.

Ana kifafa.

Dawa zake zisikatike, na mwenzake mmoja kazini ajue la kufanya akianguka: amlaze ubavu, aondoe vitu vya hatari, asimtie kitu mdomoni. Aepuke kazi za juu, za moto, za mashine zinazokata, na asifanye kazi peke yake kwenye maji. Zaidi ya hapo hana sababu ya kukaa nyumbani.

Binti yangu amepata nafasi mjini, naogopa kumwachia.

Hofu yako ina msingi. Wasichana wenye ulemavu hunyanyaswa zaidi kwa kuwa wanyanyasaji hudhani hawataweza kusema. Lakini kumfungia hakumlindi, maana wengine hudhurika nyumbani hapo hapo. Mfundishe kusema hapana, kwa maneno au kwa ishara. Apange chumba kwenye nyumba yenye familia, awe na simu yenye salio, na namba tatu za watu atakaowapigia kwa kufuatana. Umtembelee siku asiyokutarajia, umletee mchele, ukae naye hadi jioni, umsikilize akieleza kazi yake.